Sura ya Nne: Tajiri Anataka Hesabu

Kijana wa bodaboda aliyenipakia Mwenge, Dar es Salaam, alikuwa na haraka kunizidi. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, foleni ya kuelekea Morocco imefunga kabisa, naye anapenya kati ya magari hadi magoti yangu yakawa yanafuta vumbi la milango ya watu. Nikamgonga bega. "Kijana, taratibu, nina wajukuu." Akacheka, lakini mwendo haukupungua. "Nivumilie, mzee wangu. Tajiri anataka hesabu."

Maneno hayo nimeyasikia tangu enzi za daladala za Isuzu. Makonda huyasema, madereva wa bajaji huyasema, na hata msukuma mkokoteni wa Kariakoo huyasema, maana mkokoteni nao una mwenyewe na jioni unadaiwa. Siku ile yalinikaa kichwani kwa sababu ya safari yenyewe. Tulikuwa tunakwenda Masaki, hotelini, kwenye warsha ya siku mbili kuhusu umaskini. Nilialikwa kama mtoa mada. Posho yake sitaitaja, ila ilizidi hesabu ya wiki nzima ya yule aliyenibeba.

Nikamuuliza tajiri wake ni nani.

"Ni madamu mmoja, anafundisha shule ya msingi kule Mbagala. Ana pikipiki mbili."

Masharti yake alinieleza tukiwa tumesimama kwenye taa. Pikipiki ameichukua kwa mkataba: shilingi 10,000 kila siku, miezi 13, halafu inakuwa yake. Mafuta ni juu yake, pancha juu yake, faini ya trafiki juu yake. Akiumwa, siku haifutwi, inasogezwa mbele. Dukani, kwa fedha taslimu, pikipiki ya aina ile angeipata kwa milioni mbili na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe: siku 390 mara 10,000 ni milioni tatu na laki tisa. Hiyo milioni moja na laki nne inayozidi ndiyo bei ya kutokuwa na milioni mbili na nusu kwa mkupuo.

Tukaingia Masaki. Kuta zikarefuka, seng'enge za umeme juu yake, walinzi kwenye vibanda, maua yanamwagiliwa asubuhi hiyo hiyo ambayo mitaa ya Tandale ilikuwa inasubiri maji ya dumu. Kijana wangu akanionyesha nyumba moja kwa kidevu: "Humu wanakaa wazito." Wazito, alisema. Tajiri lilikuwa jina la mtu mmoja tu duniani, yule mwalimu wa Mbagala, ambaye huenda na yeye asubuhi ile alikuwa amening'inia kwenye daladala akiwahi kipindi cha kwanza.

Kamusi inasema tajiri ni mwenye mali nyingi. Waarabu, tulikolitoa neno, wanamaanisha mfanyabiashara. Lakini mtaani, kazini, tajiri ni yule ambaye chombo chake kiko mikononi mwako na jioni unampelekea kitu. Unaweza kuwa tajiri ukiwa na deni benki, umevaa viatu vilivyoshonwa mara mbili. Maana hii ya mtaani inaona jambo ambalo warsha yetu ya siku mbili haikuliona. Haiulizi mtu ana kiasi gani. Inauliza nani anampelekea nani.

Kiswahili kiliwahi kuwa na maneno mengi ya namna hii. Baadhi tunayatamka kila siku bila kukumbuka yalikotoka.

Chukua kibarua. Leo ni mtu anayeuza nguvu zake kwa siku, anayesimama alfajiri kwenye lango la kiwanda au la ujenzi akisubiri kuteuliwa. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, kibarua alikuwa mtumwa. Bwana wake asiyekuwa na shamba la karafuu la kumtumikisha alimkodisha mjini: kubeba mizigo forodhani, kusafisha sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara wa Kizungu. Mtumwa alipokea ujira, sehemu kubwa akaipeleka kwa bwana, kilichobaki akala. Jina lenyewe lilitokana na kikaratasi alichokuwa nacho, barua ndogo, iliyoonyesha kazi aliyoifanya. Kwa hiyo lipo neno la Kiswahili la zaidi ya miaka 150 la mtu anayefanya kazi mjini peke yake, bila msimamizi juu ya kichwa chake, mradi jioni hesabu imefika.

Sisemi dereva wa bodaboda ni mtumwa. Anaweza kurudisha pikipiki kesho na kwenda zake, na mtumwa hakuwa na kesho hiyo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922, na waliofutiwa walijua tofauti kuliko mimi ninayeandika nikiwa nimekaa. Nasema tu kwamba sheria ilifuta hali, na neno likabaki, na utaratibu wa kupeleka sehemu ya jasho kwa mwenye chombo ukapata watu wapya.

Maneno mengine ya zama zile yamelainishwa mno. Muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa; sasa ni mtu mwenye adabu, na tunamwambia mtoto "kuwa muungwana" anapogombania kiti. Mjinga alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Sasa ni tusi la darasani. Maneno yaliyokuwa yanasema nani anamiliki nani yamegeuka kusema nani ana tabia gani, na hilo la neno kuhama kutoka kwenye mahusiano kwenda kwenye tabia naomba msomaji aliweke akilini, tutakutana nalo tena.

Wakoloni nao walikuja na karatasi yao. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na hakulipwa mpaka zitimie zote. Kenya kipande kilikuwa cheti cha mwanamume Mwafrika, akikitembeza ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Kwenye miji walituachia jiografia. Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu kwa ubora wa majengo, ili sheria isilazimike kutaja rangi ya mtu, na kila mtu akajua kanda ipi ni ya nani. Wenyeji walikataa unafiki huo wakaita mambo kwa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya maduka ya Wahindi na Kariakoo kukaachwa uwanja mtupu, ule wa Mnazi Mmoja tunaofanyia sherehe leo. Dodoma bado ina Uzunguni yake, na Mbeya ina Uhindini. Oysterbay ilipokimbiwa na wakoloni baada ya mwaka 1961, waliohamia ni wakubwa wetu wenyewe. Mtaa haukuhitaji kubadilika, ulibadilisha wapangaji tu. Sasa vijana wanauita ushuani, na Uswahilini wameifupisha kuwa Uswazi, kwa fahari kidogo.

Wakubwa hao wapya mtaa uliwapatia jina haraka. Serikali ilizungumza kwa Kiingereza juu ya Africanisation, yaani kuwaweka Waafrika katika nafasi za Wazungu, na mkia wa neno lile la Kiingereza ukachomolewa: naizesheni. Naizesheni alikuwa na gari, tai, na nyumba ya serikali yenye bustani. Aliyebaki chini aliitwa kabwela. Mpaka leo wazee wa Ilala wakilitamka neno hilo hulitamka kwa mapenzi, kama mtu anayetaja timu yake.

Naizesheni ndiye aliyemfikisha Nyerere mahali pa hasira. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sababu ingewakata sehemu kubwa ya mshahara kwa miezi 18. Bango moja lilidai afadhali enzi za ukoloni. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha vijijini kwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio likatangazwa. Tunapolikumbuka tunakumbuka mabenki na viwanda vilivyotaifishwa. Kilichowakera wakubwa zaidi kilikuwa sehemu ya mwisho, masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Tazama ulivyo mkali uchaguzi wa nyumba ya kupangisha. Nyumba moja Magomeni, vyumba sita, haimfanyi mtu kuwa bilionea. Lakini inamfanya awe na watu sita wanaompelekea kitu kila mwezi. Azimio lilikuwa linauliza swali la bodaboda wangu.

Na lugha ikafuata. Mnyonyaji. Kupe. Mrija. Bepari, neno la Kigujarati la mfanyabiashara wa kawaida kabisa, likageuzwa kuwa jina la mnyama. Redioni, shuleni, kwenye vibonzo vya magazeti, mtu mwenye tumbo kubwa alichorwa na mrija mdomoni, na ncha ya pili ya mrija iko kwenye mgongo wa mkulima. Kama kichoro kile kilikuwa cha kitoto, kilikuwa na ncha mbili. Huwezi kusema mnyonyaji bila msikilizaji kuuliza ananyonywa nani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo na nakumbuka kwamba aibu ilikuwa upande wa mwenye nacho. Baba wa rafiki yangu alikuwa na lori, naye rafiki yangu alikuwa akishuka mbali na geti la shule ili tusimwone.

Lakini aibu ikitolewa na dola hupiga pale panapofikika kirahisi. Mwenye duka alifikika. Mhindi mwenye ghorofa alifikika: mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa, na maelfu wakafunga virago. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na kuna bibi waliokamatwa kwa magunia ya sukari. Kigogo hakufikika. Katika taarifa yake ya miaka kumi ya Azimio, Nyerere alieleza kwamba tofauti ya mshahara wa juu na wa chini serikalini ilikuwa imeshuka kutoka 50 kwa 1 wakati wa uhuru hadi kama 9 kwa 1 mwaka 1976. Namwamini. Ila kufikia wakati huo mshahara ulikuwa haununui kitu. Sabuni, khanga, sukari, mabati na betri za redio vilipatikana kwa kimemo, kikaratasi kilichoandikwa na mkubwa kwenda kwa meneja wa kampuni ya biashara ya mkoa, na mwenye kimemo aliingilia mlango wa nyuma wakati sisi tumepanga mawe kwenye foleni ya mbele. Mtu alikuwa anakupa nafasi yake kwa kukuachia jiwe. Tabaka halikufutwa, lilihama kutoka kwenye noti kwenda kwenye sahihi.

Halafu mzee Mwinyi akaja mwaka 1985 na ruksa yake, mitumba ikajaa, na mwaka 1991, mkutanoni Zanzibar, CCM ikalegeza yale masharti ya uongozi. Mishahara miwili ruksa, hisa ruksa, nyumba ya kupangisha ruksa. Hapakuwa na maandamano. Neno ndugu, ambalo kwa miaka ishirini na zaidi lilimtangulia waziri na mfagizi sawasawa, likaanza kuondoka midomoni. Mheshimiwa akarudi.

Magazeti yalipofunguliwa, mtaa ukatoa maneno mapya: walalahoi na walalahai. Ni mchezo mzuri wa sauti, herufi moja tu inawatenganisha. Lakini yapime vizuri. Mlalahoi analala akiwa hoi. Amechoshwa na nani? Neno halisemi. Ni kama mtu aliyepigwa na jua. Wenye nacho na wasio nacho, vivyo hivyo: mmoja anacho, mwingine hana, kila mtu na bahati yake. Kapuku, hohehahe, choka mbaya; yote ni picha za mtu mmoja aliyesimama peke yake, amechunwa, na aliyemchuna ametoka nje ya picha.

Maneno ya ofisini yakaenda mbali zaidi. Bepari akabatizwa mwekezaji. Mjasiriamali likafinyangwa kutoka jasiri na mali, na sasa linamvaa mama wa vitumbua aliyechuchumaa mbele ya jiko la mkaa kama linavyomvaa mwenye viwanda vitatu. Wote wajasiriamali. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa wajasiriamali wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni nne kwa mwaka, shilingi 20,000 kila kimoja. Machinga waliovivaa shingoni walivipenda, kwa sababu mgambo aliwaacha. Mimi nilipowaona sokoni Karume wamevining'iniza nilifikiria kile kikebe cha Kenya, na nikajilaumu, maana hawakulazimishwa.

Rais aliyevitoa, John Magufuli, alipenda kujiita rais wa wanyonge. Mnyonge ni neno zito la Kiswahili, lina udhaifu na uonevu ndani yake, na kwa miaka michache aliyeonewa alikuwa na jina Ikulu. Aliyemwonea hakupata jina la tabaka. Alikuwa fisadi. Na fisadi ni tabia. Neno hili lilipopanda jukwaani mwaka 2007, Mwembeyanga, lilikuja na orodha ya watu, na tangu hapo tumekuwa tukihesabu watu wabaya: huyu wa kashfa ya EPA, yule wa kashfa ya Richmond. Mwaka 2008 waziri mmoja aliulizwa na waandishi kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa katika akaunti huko Jersey, akaziita vijisenti. Nchi nzima ilicheka kwa uchungu, naye akajiuzulu. Vijisenti likaingia kwenye lugha likabaki. Nadhani tulilipenda kwa sababu lilionyesha umbali halisi: kitu ambacho kwako ni ndoto, kwa mwingine kina kiambishi cha udogo mara mbili.

Umbali huo una tarakimu. Utafiti wa bajeti ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya Watanzania Bara wako chini yake. Gawanya kwa siku 30 upate shilingi 1,644. Warshani tarakimu hii ilionyeshwa ukutani kwa rangi ya bluu, na mshiriki mmoja akanong'ona kwamba kahawa aliyoishika inazidi hapo. Tukacheka. Hakuna aliyeuliza 1,644 hiyo inakwenda kwa nani.

Inakwenda dukani kwa Mangi, kwanza. Nenda Manzese au Tandale jioni ukasimame kando uangalie. Mtoto anakuja na kikombe: "Mangi, nipimie mafuta ya mia tano." Mwingine anataka kipande cha sabuni, maana mche mzima ni wa wenye mshahara. Unga robo. Mkaa kopo moja. Kila kipimo kina faida yake ndogo ya Mangi, na simlaumu, naye ana tajiri wa jumla anayemdai. Lakini jumlisha hizo mia tano za mwezi, utakuta mama huyu amenunua ndoo ya mafuta kwa bei ambayo mwenye gari, anayebeba ndoo nzima mara moja, hatailipa kamwe. Maji ni hivyo hivyo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Dumu likiuzwa shilingi 100 tu, uniti imefika 5,000, na bomba la Masaki halitozi hivyo. Chumba nacho kinataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hujaingiza godoro.

Kodi hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo mtaa, ambao nilidhani umesahau, umetunga neno lenye ncha mbili tena. Ile mikopo ya haraka ya kina mama, ya marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo ukichelewa wenzako wa kikundi wanakuja kubeba kabati na sufuria zako, inaitwa kausha damu. Hakuna chama kilichotunga neno hilo, hakuna mtaalamu wa lugha aliyekaa kikao. Kupe alinyonya, huyu anakausha. Miaka mingi baada ya mrija kuondoka kwenye vibonzo, wanawake wa Buza na Kimara wameuchora upya, na safari hii kwenye ncha ya juu hakuna mwanamume mwenye tumbo. Kuna dada mwenye kishikwambi na daftari, aliyeajiriwa, mwenye lengo la mwezi la kufikisha.

Nilipotoa mada yangu sikuyasema haya. Nilisema kaya maskini, nikasema wanufaika, nikasema kujikwamua. Slaidi zilikuwa nzuri.

Turudi kidogo getini, kabla sijaingia. Nilikuwa natafuta chenji, na simu ya kijana ikaita. Alisogea pembeni lakini sauti ya madamu ilisikika, sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto tisini. Hesabu ya jana haikufika. Leo anatakiwa kurejesha na yeye, alisema, wanapita saa nne. Kijana akajibu kwa heshima zote, shikamoo ilishapita, ndiyo madamu, ndiyo, natuma sasa hivi. Akafungua menyu ya simu, akaandika 10,000, kidole gumba kikasimama.

Sauti ikarudi: "Na ya kutolea usisahau."

Akafuta, akaandika upya kiasi kikubwa kidogo, akaweka namba ya siri huku ameikinga simu na mlinzi. Ujumbe ukaingia. Akausoma mpaka mwisho, akanigeukia na kuniuliza kama nitahitaji usafiri wa kurudi jioni.